Vidonda vya Tumbo Ambavyo Havikuwepo: Kisa cha Maumivu ya Kifua, Nairobi

Mgonjwa ni mama wa miaka 56, mfanyabiashara wa mitumba Gikomba, anayeishi orofa ya nne kwenye ploti isiyo na lifti huko Pipeline, Embakasi. Ana kisukari kwa miaka tisa na presha kwa miaka sita. Alifika kitengo chetu cha dharura Ijumaa moja ya mwisho wa mwezi, mwendo wa saa kumi alasiri, akitembea kwa miguu yake mwenyewe na bila maumivu yoyote wakati huo. Kwenye fomu ya mapokezi, mahali pa kueleza shida, palikuwa pameandikwa neno moja: asidi. Yeye mwenyewe ameridhia kisa hiki kiandikwe. Nimeacha jina lake na kubadilisha mambo madogo madogo yanayoweza kumtambulisha.

Nakiandika kwa ajili ya wahudumu wenzangu, hasa walio kwenye zahanati na kemisti za mitaani ambako watu wa Eastlands huanzia safari ya matibabu, na kwa familia zinazomwona mzazi akishika kifua kisha akisema ni gesi tu. Madhara ya kumwambia mtu ana vidonda vya tumbo bila kuthibitisha tunayapima kwa muda aliopoteza, tukaishia hapo. Katika kisa hiki utambuzi ule ulileta hatari mara mbili: kwanza uliuficha ugonjwa wa moyo kwa wiki tano, halafu ukajitokeza tena dakika ile ambayo moyo ulikuwa unakufa, ukataka kuzuia dawa.

Daftari

Alikuja na daftari lake la matibabu, lile la kurasa 48 la dukani, jalada limeshikizwa kwa selotepu. Madaftari haya yananisaidia sana kazini, kwa sababu mgonjwa husahau lakini karatasi haisahau. Ukurasa wa kwanza wenye maandishi ya karibuni ulisema: maumivu ya chembe cha moyo, wiki moja, dawa ya maji ya kutuliza asidi. Siku kumi baadaye: maumivu yamerudi, kipimo cha choo cha H. pylori ni chanya, apewe omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, na antibiotiki mbili kwa siku 14. Chini yake zimeandikwa herufi tatu kwa kalamu nyekundu, PUD, yaani vidonda vya tumbo. Ziara ya tatu: maumivu yamepanda kifuani na bega la kushoto, huenda ni misuli, sindano ya diklofenaki. Presha siku hiyo ilikuwa 168/98. Hakuna ukurasa wowote uliotaja kipimo cha ECG, kile kinachochora umeme wa moyo kwenye karatasi.

Nataka tuzisome kurasa hizi polepole, kwa sababu kila hatua ina mantiki yake na hakuna aliyefanya uzembe wa makusudi. Mama analalamika tumbo la juu, anapimwa bakteria, bakteria anapatikana, anatibiwa. Tatizo ni kwamba H. pylori yumo tumboni mwa zaidi ya nusu ya watu wazima barani Afrika, na wengi wao hawana kidonda wala hawataugua. Ukiwapima watu wote wanaosubiri matatu pale Muthurwa, wengi watatoka chanya. Kipimo kile kinaonyesha bakteria yupo. Hakionyeshi kidonda, na hakisemi kwamba maumivu ya leo yametokana naye. Kidonda huonekana kwa kamera inayoingizwa tumboni, na mama huyu hakuwahi kupimwa kwa kamera hiyo. Hata hivyo, tangu siku zile herufi tatu zilipoandikwa, kila aliyelifungua daftari alianza kufikiria kutokea hapo.

Diklofenaki nayo isipitwe hivi hivi. Dawa za maumivu za jamii hiyo hupandisha presha, huufanya mwili kushikilia chumvi na maji, na diklofenaki hasa inahusishwa na ongezeko la mshtuko wa moyo. Mtu mwenye kisukari na presha ambaye kifua kinambana ndiye wa mwisho anayepaswa kudungwa sindano hiyo.

Maswali yaliyofungua kisa

Mazungumzo yenyewe hayakuchukua muda. Nayaweka hapa kwa sababu ndiyo yaliyotoa utambuzi, kabla ya mashine yoyote kuwashwa.

“Mama, hii asidi inakuja wakati gani?”

“Nikishakula, daktari. Nikila tu usiku, kifua kinabana.”

“Ukishakula ukiwa umeketi, ama kuna kazi unafanya?”

Akanyamaza akifikiria. Binti yake, aliyekuwa amesimama kando ya kitanda na mkoba wa mamake, ndiye aliyejibu. “Mum, wewe huli nyumbani. Unakula kibandani pale chini, ndio unapanda ngazi.”

Kutoka hapo mambo yalimiminika. Ploti yao hupata maji siku mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, na siku hizo mama hubeba mitungi ya lita 20 kutoka kwenye bomba la chini hadi orofa ya nne. Siku za maji ndizo zilizokuwa mbaya. Akifika orofa ya pili kifua kinabana, bega la kushoto linakuwa zito, anatua mtungi na kujifanya anatafuta funguo ili majirani wasimuulize. Baada ya dakika mbili tatu kunatulia, anaendelea. Ilianza hivyo. Kisha katika wiki mbili za mwisho mtungi haukuhitajika tena, ngazi peke yake zilitosha. Usiku wa kuamkia siku hiyo kifua kilikuwa kimemwamsha saa tisa usiku akiwa amelala, jasho jembamba likimtoka, na kikabana karibu nusu saa.

Nilipomuuliza uchungu wenyewe ukoje, alikataa neno hilo. “Si uchungu, ni uzito. Hapa.” Akakunja ngumi na kuikandamiza katikati ya kifua, juu ya mfupa. Mtu mwenye kiungulia kwa kawaida hupitisha kidole kutoka tumboni kwenda kooni, na mwenye maumivu ya misuli au mbavu huonyesha kwa ncha ya kidole pale panapouma. Ngumi katikati ya kifua haithibitishi ugonjwa wa moyo, lakini nikiiona mimi huacha kila ninachofanya.

Kuna mambo matatu tunayoyatafuta katika maumivu ya kifua yanayotoka moyoni. Kwanza, ni mbano au uzito nyuma ya mfupa wa kifua, unaoweza kwenda begani, mkononi, shingoni au kwenye taya. Pili, huletwa na kazi au na msongo wa mawazo. Tatu, hutulia kwa kupumzika au kwa dawa ya nitroglisarini chini ya ulimi, ndani ya dakika chache. Mama huyu alikuwa nayo yote matatu tangu wiki ya kwanza. Yalimfuata kwenye kila chumba alichoingia, yakingoja mtu aulize kuhusu ngazi.

Kuhusu chakula, wala si jambo geni. William Heberden, tabibu wa London, aliueleza ugonjwa huu mbele ya madaktari wenzake mwaka wa 1768, maelezo yakachapishwa 1772, na ndiye aliyeupa jina la anjina. Aliandika kwamba huwashika watu wakitembea, hasa wakipanda mlima na muda mfupi baada ya kula, na kwamba wakisimama tu, adha yote hutoweka. Weka ngazi za Pipeline mahali pa mlima na hiyo ni historia ya mgonjwa wetu, neno kwa neno. Sababu inaeleweka vizuri leo: baada ya mlo mzito matumbo hudai damu zaidi, moyo huongeza mapigo na kazi, kwa hiyo uwezo uliobaki wa kupanda ngazi hupungua. Mtu akila kisha akapanda, chakula ndicho hupewa lawama.

Lipo pia suala la neva. Neva za hisia kutoka moyoni, kwenye umio na sehemu ya juu ya tumbo huingia kwenye uti wa mgongo katika maeneo yanayokaribiana na kuingiliana. Ubongo unapata habari kwamba kuna shida katikati ya mwili, hapo juu, lakini hauna njia nzuri ya kujua ni kiungo gani. Ndiyo maana dawa ya asidi ikimpa mgonjwa nafuu haimaanishi moyo ni mzima, na nitroglisarini ikimpa nafuu haimaanishi moyo ndio mgonjwa, kwani hulegeza hata misuli ya umio. Nawasihi wenzangu waache kutumia nafuu ya dawa kama kipimo.

Swali moja la mwisho lilihusu ukoo. Kakake alifariki ghafla shambani Kangundo akiwa na miaka 49, na nyumbani ilisemekana gesi ilimpanda. Baba au ndugu wa kiume kupata ugonjwa wa mishipa ya moyo kabla ya miaka 55, au mama au dada kabla ya 65, ni jambo la kuhesabiwa kwenye hatari ya mgonjwa. Hatujui kakake alikufa na nini, lakini sikulipuuza. Mgonjwa hakuwahi kuvuta sigara, wala hatumii miraa, ambayo pia huwa nauliza Nairobi, kwa kuwa utafiti uliofanywa Yemen uliihusisha na mshtuko wa moyo kwa watumiaji wakubwa.

Kilichokuwa kikitokea ndani

Moyo hulishwa na ateri zinazopita juu yake: ya kulia, na ya kushoto inayogawanyika kuwa mbili, moja ikishuka ukuta wa mbele na nyingine ikizunguka nyuma. Miaka mingi ya sukari, presha na kolesteroli hujenga mafuta ndani ya kuta za ateri hizi. Njia ikibana kwa takriban asilimia 70, damu inayopita inatosha mtu akiwa ametulia lakini haitoshi akiwa na mtungi begani. Hiyo ndiyo anjina tulivu, ile ya kuja na kazi na kuondoka na pumziko.

Kinachoua mara nyingi ni kitu kingine. Yale mafuta yaliyo ukutani yana ngozi juu yake, na ngozi ile ikichanika, kama jipu linalopasuka, yaliyomo hukutana na damu, damu huganda papo hapo, na ateri inaweza kuziba ndani ya dakika. Jipu lenyewe si lazima liwe kubwa. Mishtuko mingi ya moyo hutokea mahali ambapo ateri ilikuwa haijabana sana. Ndiyo maana mtu anaweza kuanguka leo bila kuwahi kuumwa kifua jana. Mama huyu alibahatika kuonywa. Maumivu yalipoanza kuja kwa kazi ndogo zaidi, kisha bila kazi, kisha usingizini, ngozi ile ilikuwa imeanza kuchanika na damu iliganda na kuyeyuka kwa zamu. Mgonjwa wa namna hiyo halali nyumbani usiku huo.

ECG ya kwanza, na tulichokaribia kukosa

Kila mwenye maumivu ya kifua, au aliyekuwa nayo hivi karibuni, anapaswa kupata ECG ndani ya dakika 10 tangu aingie mlangoni. Muuguzi wa zamu aliifanya kwa dakika nane, na namheshimu kwa hilo, kwa sababu fomu ilisema asidi na mgonjwa alikuwa anatabasamu. Mashine ilichapisha maneno yake juu ya karatasi: mabadiliko ya wimbi la T (lile la mwisho la kila pigo) yasiyo mahususi. Troponini ya kwanza, kipimo cha damu cha madhara ya moyo, kwa kipimo cha haraka cha kawaida, ilitoka hasi.

Ukisoma maneno ya mashine na hiyo troponini, ni rahisi kumrudisha mtu nyumbani na omeprazoli nyingine. Lakini karatasi yenyewe, kwenye V2 na V3, yaani nyaya mbili za mbele ya kifua, ilionyesha wimbi la T linalopanda kisha kuzama chini ya mstari, huku sehemu ya ST, ile inayolitangulia wimbi la T, ikiwa karibu sawa na mstari, nayo mawimbi ya R, yale marefu ya kila pigo, yakiwa yamebaki. Umbo hilo lilielezwa mwaka wa 1982 na kundi la mtaalamu wa moyo wa Uholanzi, Hein Wellens. Linaonekana mgonjwa akiwa hana maumivu, na maana yake ni kwamba ateri ya mbele imebana vibaya karibu na chanzo chake, ikaziba kwa muda na kufunguka. Katika ripoti ile ya kwanza, wagonjwa 16 wenye umbo hilo hawakufanyiwa upasuaji wa mishipa. 12 kati yao walipata mshtuko mkubwa wa ukuta wa mbele ndani ya wiki chache. Mgonjwa kama huyu hawekwi kwenye mashine ya kukimbia ili apimwe moyo, kwani kipimo chenyewe kinaweza kumuua.

Troponini hasi haikunituliza. Ni protini inayovuja kutoka kwenye seli za moyo zinazoharibika, na kwa vipimo vya kawaida huanza kuonekana saa tatu hadi sita baada ya madhara. Anjina isiyotulia inaweza kabisa kuwepo bila troponini kupanda, kwa sababu seli zimekosa hewa lakini hazijafa. Kipimo kimoja hakitoshi. Hurudiwa, na kinachotafutwa ni mwendo wake wa kupanda au kushuka. Vivyo hivyo ECG. Nilimwekea kitanda mbele ya macho ya wauguzi, aspirini miligramu 300 akatafuna, tukaagiza ECG irudiwe kila nusu saa na papo hapo maumivu yakirudi.

Magonjwa mengine tuliyapitia kwa haraka. Presha ya mikono miwili ilikaribiana, 158/94 na 154/92, na hapakuwa na maumivu ya kuchana yanayotokea mgongoni, kwa hiyo kupasuka kwa aota, mshipa mkuu wa damu, kulikuwa mbali. Hewa damuni ilikuwa asilimia 96, miguu haikuvimba. Hakuwa na homa wala kikohozi, na kifua hakikuuma zaidi akivuta pumzi. Hayo ndiyo ningeyatarajia kwa nimonia, kwa TB ya utando wa mapafu, au kwa uvimbe wa mfuko wa moyo, ambao aghalabu hupata nafuu mtu akiinama mbele.

Saa kumi na moja na nusu

Maumivu yalirudi saa 11 na dakika 35 jioni. Alikuwa ameenda msalani hatua chache kutoka kitandani. Alirudi akiwa kijivu usoni, ngumi kifuani, gauni limelowa jasho mgongoni. ECG ya dakika hiyo ilionyesha ST imepanda milimita tatu kwenye V2 hadi V4. Nitroglisarini haikubadilisha kitu. Ateri ya mbele ilikuwa imeziba, na safari hii haikuwa inafunguka.

Kuna njia mbili za kuifungua. Ya kwanza, iliyo bora ikifanyika kwa wakati, ni kupitisha katheta, mrija mwembamba, hadi kwenye ateri, kuitanua na kuweka stenti, kijineli cha waya cha kuishikilia wazi. Ya pili ni dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, inayodungwa mkononi. Mwongozo wa Ulaya wa 2017 unasema: ikiwa kutoka utambuzi hadi waya kupita kwenye ateri itachukua zaidi ya dakika 120, anza na dawa, na uianze ndani ya dakika 10. Hospitali yetu haina maabara ya katheta. Ile tuliyozungumza nayo iko upande wa Upper Hill, na kwenye ramani utasema ni karibu mno kuanza kubishana. Lakini hesabu ni ya dakika. Ilikuwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi, mvua imenyesha, Jogoo Road imesimama. Ongeza muda wa kumhamishia mgonjwa kwenye ambulansi, muda wa kumpokea, na muda wa timu ya katheta kukusanyika, nayo imekwama kwenye foleni hiyo hiyo. Hakuna aliyeweza kuniahidi 120. Niliamua dawa kwanza, safari baadaye, na bado naona ndiyo hesabu sahihi kwa Nairobi jioni.

Hapo ndipo daftari liliporudi. Mwenzetu wa hospitali ile, kwenye simu, alisoma muhtasari tuliotuma na kuuliza swali lililo sahihi kabisa: “Si huyu ana vidonda vya tumbo? Mnamyeyushia damu vipi?” Muuguzi aliyekuwa anachanganya dawa akasimama. Hata binti, aliyesikia, akasema, “Daktari, kweli ana vidonda, wamemwambia mara tatu.”

Kidonda cha tumbo kilicho hai ni sababu ya kusita kutoa dawa ya kuyeyusha damu, na mgonjwa anayevuja damu tumboni haipewi kabisa. Kwa hiyo ilibidi swali lijibiwe, na lilijibiwa kitandani huku moyo ukiendelea kukosa damu. Umewahi kutapika damu, mama? Hapana. Choo cheusi kama lami? Hapana. Umewahi kuwekwa kamera ya tumbo? Kamera gani? Himoglobini ilikuwa 13.1, yaani hapakuwa na dalili ya damu kupotea polepole. Hakuwahi kupata kiharusi, hakufanyiwa upasuaji karibuni, presha ilikuwa chini ya 180/110. Ugonjwa uliotajwa kwenye daftari haukuwa na ushahidi wowote zaidi ya bakteria chooni. Tenekteplesi, dawa ya kuyeyusha damu, miligramu 40 kulingana na uzito wake wa kilo 74, iliingia mshipani saa 11 na dakika 58. Dakika 23 badala ya 10, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilikwenda kwenye herufi tatu za kalamu nyekundu.

Nilikuwa na bahati kwamba mgonjwa alikuwa na fahamu za kujibu. Mwingine huletwa hajitambui, daftari mkononi mwa jirani, na daktari mwenye tahadhari anasoma “vidonda” na kuzuia hata aspirini. Ni vyema kukumbuka maana ya kuizuia. Katika utafiti wa ISIS-2 uliochapishwa 1988, wenye wagonjwa zaidi ya 17,000 walioshukiwa kuwa na mshtuko wa moyo, aspirini peke yake ilipunguza vifo vya wiki tano kwa asilimia 23, na ikiunganishwa na dawa ya kuyeyusha damu, kwa asilimia 42. Kidonge cha bei ya peremende. Anayeandika utambuzi wa kidonda bila uthibitisho anaweka kizuizi mbele ya kidonge hicho kwa maisha yote ya mgonjwa, hata kama hatakuwepo kukieleza.

Baada ya hapo

Alipewa klopidogreli miligramu 300 na enoksaparini, dawa za kuzuia damu isigande tena. Ndani ya dakika 40 uzito ulianza kushuka. Moyo ulipiga kwa dakika chache mdundo wa polepole unaotoka kwenye ventrikali, chumba cha chini cha moyo, jambo ambalo mara nyingi huambatana na ateri kufunguka, nasi tukautazama bila kuugusa. Saa moja baada ya dawa ST ilikuwa imeshuka zaidi ya nusu. Alihamishwa usiku, barabara ikiwa wazi. Asubuhi katheta iliyopitia kifundo cha mkono ilionyesha ateri ya mbele imebana asilimia 90 karibu na chanzo chake. Akawekewa stenti moja. Kipimo cha mawimbi ya sauti kilionyesha moyo unasukuma asilimia 45 ya damu yake kwa kila pigo, pungufu kidogo ya kawaida, na ukuta wa mbele ukiwa mlegevu lakini hai.

Mambo ya pesa nayapita kwa ufupi. Familia ilifungua kikundi cha WhatsApp usiku ule ule, michango ikaja kwa M-Pesa, wenzake wa Gikomba wakiwa wa kwanza. Mtu asisubiri mchango ukamilike ndipo apelekwe hospitali.

Nilimwona tena kliniki baada ya wiki sita. Anatembea, anapanda ngazi taratibu bila kubanwa, mitungi inabebwa na wanawe. Alikuwa na dawa zake zote kwenye mfuko wa karatasi na tulizimwaga mezani: aspirini 75, klopidogreli 75, atorvastatini 80 ya kolesteroli, dawa ya presha, dawa ya kupunguza mapigo, za sukari. Chini kabisa kulikuwa na omeprazoli, ambayo hakuna kati yetu aliyemwandikia. Alikuwa ameinunua kwenye kemisti ya mtaani kwa sababu, alivyosema, vidonda bado vipo.

Omeprazoli hukizuia kimeng'enya cha ini kinachoigeuza klopidogreli kuwa dawa inayofanya kazi. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari hiyo mwaka wa 2009. Mwenye stenti ya wiki sita hapaswi kupunguziwa nguvu ya klopidogreli, kwa kuwa stenti ikiganda damu huwa ni mshtuko mwingine, na mbaya. Wakati huo huo, mama wa umri wake anayekunywa aspirini na klopidogreli pamoja anahitaji kweli kulindwa tumbo. Nilimbadilishia pantoprazoli, ambayo huigusa klopidogreli kidogo zaidi, nikamweleza kwamba ni kinga dhidi ya dawa zake na si tiba ya kidonda. Kwenye ukurasa mpya wa daftari niliandika kwa herufi kubwa: HAJATHIBITISHWA KUWA NA VIDONDA VYA TUMBO. ANA STENTI. ASPIRINI NA KLOPIDOGRELI ZISISIMAMISHWE BILA DAKTARI WA MOYO.

Kisha, yeye akiwa ameketi hapo, nilimpigia simu mwenye kemisti. Ni kijana msikivu. Aliniambia dawa za asidi ndizo zinazotoka zaidi dukani kwake, na wanunuzi wengi hawasemi chochote zaidi ya jina la dawa. Tulikubaliana kwamba mtu aliyepita miaka 40 akirudi mara ya pili kwa dawa hiyo, atamuuliza kwanza: inakubana ukipanda ngazi, na inaisha ukisimama? Akijibu ndiyo, asiuziwe; aelekezwe penye ECG siku hiyo hiyo. Alisema swali hilo atalibandika kwenye kaunta.

LDL ya mama, yaani kolesteroli mbaya, iliyokuwa 4.1 mmol/L siku alipolazwa, imeshuka hadi 1.9. Lengo kwa aliyepata mshtuko wa moyo ni chini ya 1.4, kwa hiyo nimeongeza ezetimibu, dawa nyingine ya kolesteroli, miligramu 10 kwa siku, na kipimo kitarudiwa baada ya wiki sita.